Semina ya sheria za meli za kujiendesha hapa Kisumu: nyota tatu na nusu kati ya tano

Bei kwanza juu najua ndiyo wengi mnataka kusikia. Elfu nane na mia tano kwa wikendi nzima, chai ya saa nne na chakula cha mchana ndani, cheti, na notisi zinatumwa kwa simu. Hoteli moja pale Milimani, ukumbi wa juu, feni mbili na moja inafanya kazi. Waandaaji ni kampuni ya mafunzo yenye inazunguka miji, leo Kisumu kesho Nakuru, jina naliacha kwa sababu kuna mahali nitawachapa kidogo na sitaki maneno, lakini kama ulipata ile posta yao kwa WhatsApp yenye meli inatembea na hakuna mtu kwa usukani basi unajua ni wao.

Mimi mwenyewe ni mtu wa kleringi na bima ya mizigo. Wateja wangu ni watu wa Kibuye na wa huko Luanda na Bungoma wanaleta vigae, vipuri, mitumba, mashine za posho, kontena inashuka Mombasa halafu inapanda huku. Sina meli na sitawahi kuwa nayo. Kitu nilikuwa nataka ni kimoja tu, siku moja mzigo wa mteja wangu ukiharibiwa na meli yenye haina nahodha ndani, nitapeleka barua ya madai kwa nani? Kwa hivyo haya maoni yasome ukijua nilienda na swali la pesa, mtu wa teknolojia angeweza kutoka na nyota tano na mtu wa samaki akatoka na moja.

Jumamosi asubuhi ilipotea. Tulianza kuchelewa kwa sababu projekta ilikuwa inaleta picha ya kijani, halafu tukaonyeshwa video baada ya video. Sikatai, zingine zilikuwa tamu. Kuna ile Yara Birkeland ya Norwe, meli ya mbolea ya kampuni ya Yara, inatumia betri, inabeba kontena 120, ilianza kazi ya biashara 2022 na njia yake ni fupi tu kutoka Herøya hadi Brevik, na sababu ya kuitengeneza ilikuwa kutoa malori barabarani, walisema safari elfu 40 za lori kwa mwaka. Kuna Mayflower, chombo kidogo kisicho na mtu kilijaribu kuvuka Atlantiki 2021 kikarudi na hitilafu, kikavuka 2022 na kufika Halifax kule Canada. Kuna Wajapani na mradi wao wa MEGURI2040, hao walijaribu hadi feri na meli za kontena, na kuna Prism Courage ya gesi, ilitoka Texas hadi Korea Kusini mwaka huo huo wa 2022 na karibu nusu ya hiyo safari ikaongozwa na programu, mabaharia wakiwa ndani wanaangalia. Sawa. Lakini bana, hizi video ziko kwa YouTube bure, mtu ametoka Busia saa kumi alfajiri hakuja kuangalia drone inapiga picha meli kwa dakika hamsini. Hapo nimetoa nusu nyota bila huruma.

Chai ilikuwa na mandazi ya jana. Tuendelee.

Baada ya chai ndiyo semina ilianza kwa ukweli, akaingia madam wakili kutoka Mombasa na kando yake kapteni mstaafu, mtu wa pwani, Kiswahili chake unaskiza tu hata kama hujaelewa. Hawa wawili ndio walibeba ile nyota tatu yote. Madam alianza na kitu rahisi, akasema msiseme tu meli ya kujiendesha kana kwamba ni kitu kimoja, Shirika la Kimataifa la Bahari lile la IMO lilizigawa ngazi nne wakati lilikuwa linapitia mikataba yake, kazi yenye iliisha Mei 2021. Ngazi ya kwanza mabaharia wako ndani na mitambo inawasaidia kuamua, ya pili inaendeshwa kutoka mbali lakini watu bado wako ndani, ya tatu kutoka mbali na hakuna mtu ndani, ya nne meli yenyewe inaamua. Akasema karibu makelele yote ya kisheria yako kwa ngazi ya tatu na ya nne, hizo zingine mbili sheria ya zamani inazibeba bila kulia sana.

Halafu akafungua Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982. Kifungu cha 94 kinaambia nchi yenye imepeana bendera ihakikishe kila meli iko chini ya nahodha na maafisa wenye sifa. Kila meli. Sasa hakisemi nahodha akae ndani ya meli, neno hilo haliko, lakini mwaka 1982 nani angefikiria anaweza kukaa kwingine? Kwa hivyo kuna wanasheria wanasema kifungu kinaruhusu nahodha wa ofisini na kuna wanaosema hapana, roho ya kifungu ni mtu juu ya sitaha. Kamati za IMO zenye zimekaa pamoja juu ya hii maneno zilikubaliana kitu moja muhimu: lazima kuwe na nahodha binadamu anayewajibika kwa meli, haijalishi imejiendesha kiasi gani, ila si lazima awe ndani, inategemea teknolojia na kama kuna watu melini, na lazima awe na uwezo wa kuingilia kati ikibidi. Mimi hapo nilipumua. Ile hofu ya kuambiwa eti aliyekosa ni kompyuta ilipungua, ingawa haikuisha.

Kapteni naye akaleta kanuni za kuzuia migongano za 1972. Kanuni ya 5 inataka kila chombo kiwe na mlinzi wa kuangalia, kwa macho na kwa masikio, pamoja na njia zingine zote zilizopo. Akauliza darasa, kamera ni macho? Maikrofoni ni masikio? Kijana mmoja wa Maseno wa mambo ya kompyuta akajibu haraka kamera inaona usiku kuliko wewe mzee. Kapteni akacheka akasema mwanangu, inaona, lakini kanuni ya 2 inataka pia tahadhari za kawaida za ubaharia, na hiyo ni akili ya mtu amekaa majini miaka mingi akaona mashua ya wavuvi imezima taa na akajua tu kwa vile mawimbi yanakatika kwamba kuna wavu umetandazwa pale. Unaiandika vipi kwa programu? Kijana akanyamaza, ingawa baadaye kwa lanchi aliniambia anaweza kuiandika. Mambo ya vijana.

Kuna kitu hapo sikuwa najua. Nilidhani meli isiyo na mtu ingehesabiwa kama chombo kisichoweza kudhibitiwa, kile kinapewa njia na wengine. Kapteni akasema la hasha, hicho ni cha chombo kimepata jambo la ghafla kikashindwa kugeuka, meli ya kujiendesha inageuka vizuri kabisa kwa hivyo inafuata sheria kama wengine na haipewi heshima ya bure.

Mtu mmoja mstaafu wa KRA, mamlaka ya ushuru, sauti kubwa, akauliza swali lenye nililipenda: Kenya inaweza kusema hizi meli zisipite kwetu? Madam akasema gawanya maji kwanza. Kwa bahari yetu ya maili 12, meli ya nje ina haki ya kupita kwa amani, na kifungu cha 21 cha ule mkataba wa 1982 kinazuia nchi ya pwani kuweka sheria zake kuhusu muundo, ujenzi ama mabaharia wa meli za kigeni isipokuwa inatekeleza sheria za kimataifa zilizokubalika. Yaani hatuwezi kuamka asubuhi tukasema weka mabaharia kumi ndani ndio upite Lamu. Lakini ikitaka kuingia bandari ya Mombasa hapo ni nyumbani kwetu, masharti ya kuingia bandarini ni yetu. Na hizo sheria za kimataifa zenyewe bado zinapikwa, ule mwongozo mpya wa IMO wa meli hizi mpango ulikuwa upitishwe Mei 2026 ukiwa wa hiari, kisha uonje uzoefu, halafu ule wa lazima uanze kufanya kazi tarehe 1 Januari 2032. Korea Kusini wao hawakungoja, sheria yao ya meli za kujiendesha ilianza Januari 2025.

Lanchi: mbuta ya kukaanga, ugali, sukuma, na kachumbari ya kutosha. Hapa hakuna malalamiko, tena niliongezwa. Mtu wa Nakuru kando yangu alikuwa anakula samaki kwa uma na kisu akaangaliwa na meza nzima mpaka akaviweka chini.

Alasiri ya Jumamosi ndiyo saa bora ya wikendi yote na ningeilipia peke yake. Madam alituambia kesi ya meli ya Ufaransa inaitwa Lotus. Agosti 1926 iligongana na meli ya Uturuki, Boz-Kourt, nje kwa bahari kuu, Waturuki wanane wakafa. Lotus ikafika Istanbul, Waturuki wakamshika afisa Mfaransa aliyekuwa zamu wakamshtaki. Ufaransa ikapiga kelele, huyo ni wetu, meli ni yetu, nyinyi hamna mamlaka. Kesi ikaenda mahakama ya kimataifa ya wakati huo, na Septemba 1927 majaji wakagawanyika nusu kwa nusu mpaka kura ya rais wa mahakama ikaamua, Uturuki ikashinda. Mabaharia dunia nzima wakaingia wasiwasi, ati unaweza kushikwa bandari yoyote, na kelele zao zikazaa mkataba wa Brussels wa 1952 na mwishowe kifungu cha 97 cha ule mkataba wa 1982, chenye kinasema ukigongana bahari kuu, nahodha ama mtu mwingine aliye katika utumishi wa meli anashtakiwa tu na nchi ya bendera ama nchi ya uraia wake.

Basi akatuwekea hivi. Meli ina bendera ya Liberia. Mwenye meli ni Mgiriki. Chumba cha kuiendesha kiko Manila. Anayeshika usukani wa kompyuta ni Mkenya kutoka Rongo ameajiriwa na kampuni ya Singapore. Inagonga mashua karibu na Madagaska, watu wanakufa. Nani anamshtaki huyu kijana wa Rongo? Ukisema yuko katika utumishi wa meli basi kifungu cha 97 kinamkinga, ni Liberia ama Kenya tu. Lakini yuko Manila, kosa lake amelifanya akiwa amekaa kwa kiti nchi kavu, na Ufilipino itasema samahani, kitu kimefanyika ndani ya mji wetu. Na kama si baharia basi hana kinga, na tena hana haki za baharia, juu mkataba wa mafunzo wa STCW wa 1978 unazungumzia wanaohudumu ndani ya meli, na ule wa kazi za mabaharia wa 2006 pia unamtambua mtu anayefanya kazi ndani ya meli. Huyu kijana anabeba lawama za nahodha bila karatasi za nahodha. Darasa lilichemka, watu waligawanyika meza kwa meza, nani alisema sheria ni kavu? Madam hakutoa jibu la mwisho na nilimheshimu kwa hiyo, alisema majibu yaliyopo ni ya kusogeza vifungu vya zamani na kila nchi itavisogeza upande wake mpaka maandishi mapya yaje.

Sasa Jumapili. Kulikuwa na mzee mmoja kutoka Dunga, mtu wa mashua tangu ujana, alilipiwa na chama chao cha ufukwe, na alikuwa amekaa nyuma kimya siku yote ya kwanza. Akasimama asubuhi akauliza kapteni, "Mwalimu, mimi nikipinduka huko ndani na hiyo meli yako inapita, itanitoa majini?" Kapteni akashusha miwani. "Jaduong', hapo umenishika." Akaeleza kwamba kifungu cha 98 cha ule mkataba wa 1982 kinataka nchi zimlazimishe nahodha kumsaidia yeyote aliye hatarini baharini, kadri anavyoweza bila kuhatarisha meli yake, na mkataba wa SOLAS, ule wa usalama wa maisha baharini, nao una amri hiyo hiyo. Nahodha wa ofisini anaweza kusimamisha meli, kupiga simu ya dharura, kumulika taa, kuangusha boya pengine. Kukutoa majini ukiwa umechoka mikono, kukupa blanketi, hapana. Na kwa vile wajibu unapimwa kwa uwezo, meli isiyo na uwezo kabisa inaonekana haijavunja sheria. Mzee akasema basi hiyo sheria inafaa mtu asijitengenezee uwezo. Hakuna aliyemjibu, na mimi nafikiri hilo ndilo jambo zito kuliko yote yaliyosemwa kwa ule ukumbi, maana mwenye meli anaokoa mshahara na wakati huo huo anapunguziwa wajibu kwa kuokoa huo mshahara.

Kuhusu usalama wenyewe, slaidi ya waandaaji ilikuwa na ule wimbo wa kila mahali kwamba ajali nyingi za baharini ni makosa ya binadamu, asilimia 75 hadi 96. Kapteni aliukosoa palepale mbele ya waajiri wake, nikampenda zaidi. Akasema hiyo hesabu inaandika ajali zilizotokea, nani ameandika zile ambazo mtu alizizuia? Akatoa mfano wa Dali, ile meli ya kontena yenye bendera ya Singapore iliyopoteza umeme Baltimore tarehe 26 Machi 2024 ikaangusha daraja la Francis Scott Key. Wafanyakazi sita wa barabara walikufa. Wachunguzi wa Marekani walikuja kusema chanzo ni waya uliolegea, yaani ni mtambo. Lakini marubani wa bandari, wale wanapanda meli kuiongoza kuingia na kutoka, walipiga simu, polisi wakazuia magari kuingia darajani, na wakaangusha nanga. Ingekuwa meli ya rimoti na umeme umekatika, ile rimoti inaongea na nani?

Na hapo ndipo nakuja kwa lawama yangu kubwa. Kipindi cha nani analipa, kile kimoja kilinitoa nyumbani, kiliwekwa Jumapili saa tisa na nusu alasiri, wakati watu wa Kakamega na Kericho wanaangalia saa na mtu wa Nakuru amebeba begi mgongoni anangoja cheti. Madam alikimbia nacho kama matatu imeona askari. Nilichoweza kushika ni hiki na nakiandika kirefu juu kwa notisi zao kimepewa ukurasa mmoja tu.

Sheria yetu ya kubeba mizigo baharini, Sura ya 392, imebeba ndani zile Kanuni za Hague za 1924. Zinamtaka mbebaji kabla ya safari na mwanzoni mwake atumie bidii ipasayo meli iwe timamu kwa safari na iwe na watu na vifaa vya kutosha. Halafu zinampa mlango wa kutorokea, kwamba hawajibiki kwa kosa la nahodha, baharia, rubani ama watumishi wa mbebaji katika kuongoza ama kusimamia meli. Huo mlango ndio umekuwa ukituumiza sisi wenye mizigo miaka yote. Sasa ukiondoa nahodha, mlango unabaki wazi ama umefungwa? Mwandishi wa programu kule Oslo si nahodha, si baharia, na pengine hata si mtumishi wa mbebaji, ni kampuni ya nje imepewa kandarasi. Kwa usomaji wangu hapo mwenye mzigo amepata nafasi, kosa la programu linaonekana zaidi kama meli haikuwa timamu kuliko kosa la kuongoza. Na kuna kesi ya Uingereza ya 1961 ya Muncaster Castle, meli iliyotoka Sydney hadi London na ndimi za ng'ombe za mikebe, zikaingiwa na maji kwa sababu fundi wa gereji ya meli hakukaza mifuniko ya vali za meli sawasawa. Mwenye meli akasema mimi nilipeleka kwa fundi mzuri mwenye sifa, sina kosa. Mabwana wakubwa wa sheria wakamwambia bidii ni yako, uzembe wa fundi wako ni uzembe wako. Weka hapo mtu wa programu badala ya fundi, uone.

Ila kuna mtego. Ule wajibu ni kabla ya safari na mwanzoni. Programu inaweza kurekebishwa katikati ya bahari kupitia setilaiti, na kama ubovu umeingia siku ya nane na sio siku ya kwanza, mbebaji atakuambia meli ilitoka ikiwa nzima. Nilinyoosha mkono kuuliza hii nikaambiwa muda umeisha, tuandike kwa barua pepe. Niliandika. Nangoja bado.

Na kikomo cha malipo je, ile sheria ya mwenye meli kutolipa kupita kiasi fulani? Mkataba wa 1976 wa kuweka kikomo unataja mwenye meli, mkodishaji, msimamizi na mwendeshaji, na wanaokoa vyombo, na watu wenye hao wanawajibikia makosa yao. Kampuni ya chumba cha rimoti pengine itajiita mwendeshaji ikaingia chini ya mwavuli. Aliyetengeneza programu akauza, huyo kwa orodha hayumo, kwa hivyo wanaodai watamkimbilia yeye, na yeye kwa kontrakti ameshaandika kwamba mwenye meli atamrudishia gharama. Unaona mduara. Tena si pesa ndogo, kwenye ile Dali wenye meli waliomba mahakama ya Marekani iwawekee kikomo cha karibu dola milioni 44 hivi, kwa sheria yao ya 1851, na daraja lenyewe ni mara nyingi ya hapo. Kingine kilichotajwa kwa sentensi mbili ni wadukuzi, virusi vya NotPetya vya 2017 vilivyolaza Maersk, kampuni kubwa ya meli za kontena, kwa siku kadhaa na hasara ya dola milioni mia mbili hadi mia tatu, na hapo ililala mifumo ya nchi kavu, ofisi na bandari, meli zilikuwa na watu. Ukichukua meli kwa kompyuta tu bila kupanda, wewe ni haramia? Maandishi ya kifungu cha 101 cha mkataba wa 1982 yanataja kitendo cha mabaharia ama abiria wa meli binafsi dhidi ya meli nyingine, na jamaa aliye kwa saiba na kikombe cha chai si baharia wala abiria. Kipindi kizima kingeweza kuwa hicho.

Lawama ya pili, ziwa. Mnakuja Kisumu, mnaona maji kwa dirisha, gugu maji liko pale, bandari imekarabatiwa, meli zinajengwa hapo hapo karibu, na kwa wikendi yote ziwa limetajwa na mzee wa Dunga tu. Zile kanuni za 1972 zinahusu bahari kuu na maji yaliyounganishwa nayo yenye meli za baharini zinaweza kupita, na Victoria haiko hapo, kwa hivyo huku tunategemea sheria za nchi na ile Sheria ya Usafiri wa Ziwa Victoria ya Jumuiya ya 2007. Huku meli zimeshagongana, Kabalega ya Uganda ilizama 2005 baada ya kugongana na mwenzake Kaawa. Mtu akileta boti ya rimoti ya kupima maji ama ya kubeba mizigo kutoka hapa hadi Port Bell ya Uganda, avuke mpaka, wavuvi elfu kwa elfu usiku na taa za omena, nani anampa leseni na akikata nyavu za watu wa Mfangano analipa kupitia wapi? Hilo lingejaza ukumbi mara mbili na wangepata watu wa beach bila posta.

Huduma zingine kwa haraka. Wahudumu wa mlangoni wazuri, mpokeaji mmoja mkorofi. Maikrofoni ilikuwa inakwaruza. Notisi zina makosa, mahali pamoja wameandika mkataba wa 1992 badala ya 1982, sahihisheni jamani watu wananukuu. Cheti kizuri karatasi nzito lakini jina langu lilikosewa wakasema watatuma kingine. Risiti walipeana bila kusukumwa, hiyo nawapa heko.

Nani aende? Mawakili wachanga, ndiyo, hata mkope, hiyo saa ya Lotus peke yake itakupa kitu cha kuongea na mteja mwenye vijana wanatafuta kazi za vyumba vya rimoti. Watu wa bima na kleringi, ndiyo lakini kwa masharti. Wanafunzi wa ubaharia nendeni mkaulize kapteni kuhusu karatasi zenu, maana kazi zenyewe zinahama kutoka sitaha kwenda ofisini na hakuna cheti kimekubalika cha huko bado. Watu wa BMU, vile vyama vya ufukwe, na wavuvi msilipe pesa yenu kwa sasa, hakuna kitu chenu pale.

Nimeskia wanaenda Nakuru halafu wanarudi huku. Kabla ya kutuma pesa wapigie uulize mambo mawili: kipindi cha mizigo na malipo kiko saa ngapi, na kama madam na kapteni ndio wanakuja ama wametuma wengine. Wakikuambia kipindi bado ni Jumapili jioni, omba kulipa ya Jumamosi peke yake, kuna mtu alikubaliwa elfu tano mlangoni.